Sauti ya Hawking ilikuwa ya nani hasa?

Umeuliza kama ile sauti ya Stephen Hawking, yule mwanafizikia Mwingereza aliyekuwa anaongea kwa mashine, ilitungwa na kompyuta tu, hapana ndugu, kuna mtu nyuma yake. Anaitwa Dennis Klatt, Mmarekani, kazaliwa 1938, akaingia MIT, kile chuo kikuu cha teknolojia Marekani, 1965 na hapo ndo akafanya kazi mpaka mwisho. Sasa yeye hakurekodi maneno halafu akayaunga unga kama tangazo la stendi, alichofanya ni kupima mwangwi unaotokea kooni na mdomoni mtu akiongea, akaugeuza hesabu, yani "a" ina masafa yake (kasi ya mitetemo ya sauti), "i" yake, halafu anaiandikia kompyuta sheria za jinsi ya kuhama toka sauti moja kwenda nyingine. Na 1980 akachapisha na programu yenyewe, iliyoandikwa kwa Fortran (lugha ya kompyuta), kila mtu aitumie, hapo mi namvulia kofia kabisa maana wengi wangeificha.

Kazi yake ndo ikazaa DECtalk, mashine ya kusoma maandishi kwa sauti, kwenye miaka ya 80. Sauti kuu ya kiume, Perfect Paul, ilitokana na sauti yake mwenyewe, ya kike ya mkewe, ya mtoto ya binti yake. Mashine ya Hawking ilikuwa ya kampuni nyingine ila msingi wake ni huohuo wa Klatt, na Hawking alipoletewa sauti za kisasa zaidi akazikataa.

Klatt alifariki 1988 kwa kansa ya tezi ya shingo, na kabla ya hapo sauti yake mwenyewe ilishaanza kukwaruza.