Nilikula kwa shida nikiwa mjamzito, je nimemwachia mwanangu alama?

SWALI: Nauza maharage soko la Kiboriloni, Moshi. Mwanangu yuko fomu siksi, kanambia eti njaa ya mama mjamzito inaacha alama kwenye vinasaba vya mtoto, anaita epijenetiki. Sasa mwaka wa mimba yake ukame ulitubana, nilikua nashindia uji tu. Nani alianzisha hii habari, na je nimemharibia mtoto? – Mama wa Kiboriloni

JIBU: Shikamoo mama. Hilo neno kuharibu lifute kabisa, ukame haukuuleta wewe.

Jina la epijenetiki alilitoa mwanasayansi Mwingereza Conrad Waddington mwaka 1942, wakati huo hata umbo la DNA, yaani kile kitu kinachobeba vinasaba, halijajulikana, lilikuja 1953. Alitaka kujua yai moja linatoaje jicho, ini na mfupa, maana DNA ni ileile, tofauti ni jini zipi (vipande vya DNA vyenye maagizo ya mwili) ziko kazini na zipi zimelala.

Mfano unao hapohapo sokoni. Ukiona paka ana mabaka meusi na ya chungwa yamechanganyika mchunguze, karibu kila mara ni jike. Jike ana kromosomu X mbili (kromosomu ni fungu la DNA), na mwaka 1961 mwanasayansi Mwingereza Mary Lyon alieleza kwamba kila chembe (seli) ya jike inazima X moja mapema kabisa ikiwa tumboni, ikishazima basi chembe zote zinazozaliwa nayo zinafuata hivyohivyo, kwa hiyo baka jeusi ni ukoo wa chembe zilizozima X yenye jini ya rangi ya chungwa na la chungwa ni kinyume chake. Huyu mama mimi namheshimu kuliko wote, alianzia kwenye manyoya ya panya tu!

Mwaka 1975 wanasayansi Arthur Riggs kule Marekani, na Robin Holliday na John Pugh Uingereza, kila upande kivyake, wakasema kuna kitu kidogo kinaitwa methili kinaganda kwenye DNA na kinaweza kuilaza jini, tena chembe ikigawanyika kinanakiliwa.

Njaa anayoisema kijana ni ya Uholanzi, baridi ya 1944 hadi 1945, Wajerumani walizuia chakula. Mwaka 2008 watafiti walitoa majibu ya watu waliotungwa mimba kipindi kile, kwenye jini ya ukuaji inayoitwa IGF2 walikua na methili pungufu kuliko ndugu zao wa tumbo moja, miaka kama 60 baadaye. Alama ipo kweli, ila tofauti ilikua ndogo, na hao waliopimwa walikua wameshazeeka. Njaa ile imehusishwa pia na sukari ukubwani, kwa hiyo kijana apime sukari mara mojamoja. Habari ya kwamba inafika mpaka kwa wajukuu, kwa binadamu ushahidi bado ni mwembamba, usiilalie macho.