Maswali ya Wasomaji: Kufungua Ofisi ya Upelelezi Binafsi

Mwezi huu safu ni ya wanaotaka kufanya upelelezi binafsi kwa leseni. Barua nyingi zimeuliza kuhusu kamera, na moja tu imeuliza ripoti inaandikwaje. Tumeijibu hiyo moja kwa urefu zaidi, kwa sababu ripoti ndiyo bidhaa mteja anayoinunua.

Swali: Ndugu wahariri, nimestaafu polisi, kitengo cha upelelezi. Kwa uzoefu nilio nao, bado nahitaji leseni? Nianzie wapi?

Jibu: Popote sheria inapoidai, unaihitaji. Uzoefu wako utakusaidia kuipata, lakini leseni haikurudishii mamlaka uliyoyaacha kazini. Hutakamata, hutapekua, hutamwita mtu kuhojiwa, wala hutaiandikia kampuni ya simu barua ya kudai rekodi. Leseni inakuruhusu kuuza huduma. Kwa mengine yote wewe ni raia kama jirani yako, na wastaafu wa polisi ndio wanaochelewa zaidi kulizoea jambo hili.

Anza kwa kujua nani anatoa leseni mahali ulipo, maana nchi hazifanani. Afrika Kusini mpelelezi binafsi yumo ndani ya sheria ya mwaka 2001 inayosimamia pia makampuni ya ulinzi, na hujisajili kwa mamlaka hiyo hiyo. Uingereza nayo ina sheria ya 2001 inayowataja wapelelezi, ila kipengele cha leseni yao hakijawahi kuanza kutumika. Marekani kila jimbo lina utaratibu wake: California inadai saa 6,000 za kazi ya upelelezi yenye malipo, zinazopungua hadi 4,000 kwa mwenye shahada ya sheria, na baada ya hapo kuna mtihani. Leseni ya jimbo moja haikuruhusu kufanya kazi jimbo jingine bila kuuliza kwanza.

Uliza pia kama leseni ni moja au mbili. Sehemu nyingi mtu ana yake na ofisi ina yake, na ofisi lazima iwe na msimamizi mwenye sifa kamili. Kabla ya kusajili jina la kampuni, lipeleke kwa mtoa leseni alitazame. Jina lenye harufu ya polisi au idara ya serikali hukataliwa, nawe utakuwa umeshachapisha karatasi za barua. Vitu vinavyoisha muda viache mwisho: cheti cha mwenendo mwema, alama za vidole, bima na dhamana. Ukivichukua mapema, cheti kinaweza kupitwa na wakati faili likiwa bado mezani kwa karani, na bima itakuwa imekula miezi ambayo hukufanya kazi.

Swali: Maombi yangu yamerudishwa mara mbili, na sina rekodi yoyote ya uhalifu. Tatizo linaweza kuwa nini?

Jibu: Mara nyingi ni barua ya mwajiri wa zamani. “Alikuwa nasi miaka minne, ni mchapakazi” haimsaidii mkaguzi. Anataka tarehe ya kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, na saa hizo zilitumika kwenye nini: kuhoji mashahidi, kufuatilia, kukagua hesabu, kuandika ripoti. Saa za kulinda lango hazihesabiwi kuwa upelelezi, hata kama sare ilikuwa ile ile.

Kagua pia majina. Kama kitambulisho kina majina matatu na cheti cha shule kina mawili, ambatanisha hati ya kiapo mapema. Na kama uliwahi kukamatwa ukaachiwa, soma swali la fomu neno kwa neno. Likiuliza “umewahi kukamatwa”, jibu ni ndiyo. Tukio la zamani linaweza kusamehewa. Kulificha huhesabiwa kuwa udanganyifu, na huo ni sababu ya kukataliwa peke yake.

Halafu kuna hili: ondoa tangazo lako mtandaoni. Kujitangaza kabla ya leseni ni kosa katika sehemu nyingi, na mkaguzi huanza kwa kutafuta jina lako kwenye intaneti.

Swali: Nipange bei vipi? Na ni kazi zipi zenye riziki ya kudumu?

Jibu: Usianze na bei ya jirani, anza na saa zako. Ukifanya kazi wiki 48 kwa mwaka, saa 40 kwa wiki, utadhani una saa 1,920 za kuuza. Huna. Nusu itakwenda kwenye simu za watu wasioajiri, hesabu za ofisi, safari zisizolipwa na kuandika makadirio. Hesabu saa 960. Jumlisha gharama zote za mwaka pamoja na mshahara wako, gawa kwa 960, na hapo una bei ambayo chini yake unafanya kazi kwa hasara.

Kuhusu kazi, mashauri ya ndoa ndiyo yanayopiga simu zaidi. Mteja wake ana hasira, hulipa mara moja, na akipata asichokitaka huikataa ankara. Mawakili, makampuni ya bima na waajiri hurudi mwezi baada ya mwezi: kutafuta shahidi aliyehama, kupeleka hati za mahakama, kuthibitisha historia ya mwombaji kazi, kufuatilia dai la ajali, kutafuta mali za mdaiwa. Kwetu sisi, anayeanza angechagua mbili kati ya hizo na kuzifahamu vizuri kuliko kuandika kumi kwenye bango.

Mkataba uwe wa maandishi, utaje swali linalochunguzwa, kiwango kwa saa, gharama za safari, na malipo ya awali yanayoongezwa yakishuka chini ya kiasi mlichokubaliana. Usiahidi matokeo. Na usikubali kulipwa “tukishinda kesi”: ukipanda kizimbani kutoa ushahidi, wakili wa upande wa pili atakuuliza malipo yako yanategemea nini, na ushahidi wako utaishia hapo.

Swali: Ninunue kamera gani, na mtu mmoja anaweza kufuatilia peke yake?

Jibu: Inayotosha ni kamera ya video yenye lenzi inayokuza kwa kioo, siyo kwa programu, na inayofanya kazi penye mwanga hafifu. Ongeza kadi mbili za kumbukumbu, betri ya akiba na mfuko mdogo uliojazwa maharage au mchele wa kuegemeza kamera kwenye dashibodi. Stendi ya miguu mitatu ndani ya gari huonekana kutoka mbali. Gari liwe la kawaida, rangi iliyopoa, bila stika.

Vitu viwili huharibu kazi nzuri. Cha kwanza ni saa ya kamera. Iweke sawa na ya simu kila asubuhi, kisha anza kwa kurekodi uso wa simu ukionyesha muda. Kamera iliyobaki na tarehe ya kiwandani humpa wakili nusu saa ya kukucheka mahakamani. Andika muda kwa mtindo wa saa 24 kila mahali: daftari likisema “saa mbili” na video ikisema 08:00, msomaji asiyejua unahesabuje ataona muda wa aina mbili kwenye tukio moja.

Cha pili ni maikrofoni. Izime. Kupiga picha mtu aliye mahali pa wazi huruhusiwa kwa upana katika nchi nyingi, lakini kunasa mazungumzo usiyoshiriki kunaweza kuwa kosa la jinai, na California hata anayeshiriki maongezi ya faragha anahitaji ridhaa ya wote. Isitoshe, hakuna atakayefurahi kusikia mahakamani utani wako na mwenzako ndani ya gari.

Peke yako unaweza kukaa mahali na kutazama mlango. Kufuata gari peke yako ni bahati nasibu: taa nyekundu ya kwanza inakuacha, au unaivuka na kuonekana. Tumia magari mawili yanayopokezana, na mkihisi mlengwa ametazama kioo mara kwa mara, acheni. Kazi iliyosimamishwa hurudiwa wiki ijayo; mlengwa aliyeshtuka hubadili mwenendo kwa miezi. Kifaa cha GPS chini ya gari la mtu si njia ya mkato. California ni kosa kukiweka bila ridhaa ya mwenye gari, na haiko peke yake.

Swali: Mteja anataka orodha ya simu za mumewe na taarifa ya akaunti yake. Kuna mtu ofisini kwao anayeweza kuzitoa. Nifanyeje?

Jibu: Kataa kwa maandishi na uhifadhi nakala. Kununua taarifa kwa mfanyakazi wa benki au kampuni ya simu ni rushwa na wizi wa data kwa pamoja, na kupiga simu ukijifanya mwenye akaunti ni udanganyifu. Marekani ilikataza hila hiyo kwa taarifa za benki mwaka 1999, na kwa rekodi za simu kwa sheria ya 2006. Mwaka huo huo ndipo ilipobainika kuwa wapelelezi waliokodiwa kwa niaba ya kampuni ya Hewlett-Packard walijifanya wajumbe wa bodi na waandishi wa habari ili kupata rekodi zao za simu. Mwenyekiti wa bodi alijiuzulu, na mmoja wa wapelelezi akakiri makosa mahakamani.

Njia halali ipo na ni ya polepole: wakili wa mteja aombe amri ya mahakama ya kutolewa kwa hati. Wewe umsaidie kujua ni benki ipi na kipindi kipi, kutokana na kumbukumbu za wazi na karatasi ambazo mteja anazimiliki kihalali.

Swali: Mtu ameniomba nimtafutie mpenzi wake wa zamani, “nimrudishie vitu vyake tu”. Kazi yenyewe ni rahisi. Nichukue?

Jibu: Urahisi wake ndio hatari. Mwaka 1989 mwigizaji Rebecca Schaeffer aliuawa mlangoni kwake Los Angeles na mtu aliyepata anwani kupitia mpelelezi binafsi, ambaye aliitoa kwenye kumbukumbu za magari za California. Mauaji hayo yalichangia sheria ya Marekani ya 1994 inayofunga kumbukumbu hizo. Mwaka 1999, New Hampshire, msichana aliuawa baada ya muuaji kununua anwani ya kazini kwake. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua mwaka 2003 kwamba mpelelezi anayeuza taarifa kama hizo ana wajibu wa kuchukua tahadhari kwa ajili ya anayetafutwa pia, ambaye wala si mteja wake.

Kwa hiyo omba kitambulisho cha mteja, sababu iliyoandikwa na kusainiwa, na utazame kama kuna amri ya mahakama ya kumzuia asimkaribie mtu huyo. Ukiridhika na kumpata, usimpe mteja anwani. Mfikie anayetafutwa, mweleze nani anamtafuta, na umuulize kama anataka mawasiliano. Akisema hapana, mteja anaambiwa “amepatikana, yu hai, hataki kuwasiliana”, na vitu vyake virudi kupitia ofisi yako. Liandike sharti hili kwenye mkataba kabla hujapokea senti. Mwenye nia mbaya mara nyingi huondoka akilisoma.

Swali: Ripoti inaandikwaje?

Jibu: Kwa ulichoona, siyo ulichoelewa. Linganisha hizi mbili. “Mlengwa alikuwa amelewa na haonekani kuumwa mgongo.” Na hii: “21:14, mlengwa alitoka mlango wa mbele, akashika ukuta kwa mkono wa kulia mara mbili. 21:16, aliinama, akanyanyua kreti kwa mikono miwili, akaiweka nyuma ya gari. Video, faili la 3.” Ya kwanza ina maoni mawili ambayo daktari yeyote atayapinga. Ya pili haina maoni, na msomaji anafika mwenyewe.

Andika pia saa ambazo hakuna kilichotokea. Daftari linaloruka kutoka 09:00 hadi 13:30 linamwalika mtu aulize ulikuwa wapi. “09:00 hadi 13:30, pazia limefungwa, gari halijasogea” linamaliza swali. Taja nafasi uliyokaa, umbali wa kukadiria, hali ya mwanga. Taja na yanayomnufaisha mlengwa: kama alichechemea asubuhi, kichechemeo kiwemo. Ripoti inayoficha hilo huanguka siku video nzima itakapoombwa.

Kadi ya kamera isifutwe wala kuhaririwa. Siku hiyo hiyo nakili mafaili mara mbili, kokotoa heshi ya kila faili, yaani namba inayobadilika hata faili likiguswa kidogo, na uiandike daftarini. Kadi yenyewe iingie kwenye bahasha iliyosainiwa juu ya gundi, pamoja na fomu ya nani aliipokea, lini, kwa sababu gani. Mafaili yafungwe kwa nywila na yawe na tarehe ya kufutwa. Sheria za data zinakuhusu: ya Umoja wa Ulaya inatumika tangu 2018, Kenya ilipitisha yake 2019, Tanzania 2022. Pale zinapodai usajili wa anayekusanya taarifa za watu, leseni ya upelelezi haiwi mbadala wake.

Swali: Naweza kubeba beji?

Jibu: Inayofanana na ya polisi, hapana, ni kujifanya ofisa wa serikali hata kama hukusema neno. Beba kadi ya leseni. Kabla ya kuegesha kwa saa nyingi mtaani, ipigie simu kituo cha polisi cha eneo, wape namba ya gari, jina lako na muda utakaokaa, bila kumtaja mlengwa. Majirani wakiripoti gari geni, mpokea simu atakuwa na la kuwajibu, na hatatuma gari la doria lisimame mbele ya nyumba unayoitazama.