Uhandisi Mitambo Mwaka wa Kwanza: Mambo ya Kushika Mapema

Wadogo zetu mliomaliza PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na sasa mnaingia uhandisi mitambo katika chuo cha Kikatoliki hapa Dar, kama St. Joseph kule Mbezi Luguruni, swali la dini lisiwanyime usingizi. Vyuo vya kanisa hupokea watu wa imani zote, na misa haiongezi wala kupunguza GPA. Kitakachokubana ni nidhamu ya mahudhurio na mavazi. Ukipanga Mbagala kwa sababu kodi ni nafuu, foleni itakula kipindi cha asubuhi mara mbili kwa wiki, na hapo safari ya sapu, yaani mtihani wa marudio, imeanza. Panga Mbezi au Kibamba, hata kama chumba ni kidogo.

Bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, likitoka, kompyuta ya bei kubwa isubiri. Anza na kikokotoo cha sayansi kizuri, na kila unapokiwasha piga sine ya 30. Ikija 0.5 uko kwenye digrii. Ikija -0.988 kiko kwenye radiani, na swali zima la nguvu na mihimili litaharibika huku kanuni zako zote zikiwa sahihi.

Katika thermodainamiki, somo la joto na nishati, kosa kubwa ni vipimo. Chukua tairi lililojazwa upepo wa bar 2.2 kwenye nyuzi 27, likapata moto barabarani hadi nyuzi 57. Anayeingiza namba hizo kama zilivyo anapata bar 4.6, jibu ambalo fundi yeyote wa matairi atalikataa. Geji haihesabu mgandamizo wa hewa inayotuzunguka, ambao ni takribani bar 1, na kanuni ya gesi inadai Kelvini. Kwa hiyo ni 3.2 mara 330 gawanya kwa 300, unapata 3.52, toa 1, geji itasoma kama 2.5. Jizoeze kujiuliza kila mara kama jibu lako linaweza kutokea kwenye kitu halisi.

Michoro haikaririwi usiku wa kuamkia mtihani. Penseli ya 2H ni ya mistari ya kujengea, HB ni ya mistari ya mwisho. Kabla ya kuanza, soma swali linataka pembe ya kwanza au ya tatu, yaani mfumo upi wa kupanga sura za kifaa kwenye karatasi. Kwenye pembe ya kwanza, sura ya juu inachorwa chini ya sura ya mbele, na sura ya kushoto inakwenda kulia. Ukizibadilisha, mchoro msafi kabisa unakuwa wa kifaa kingine.

Karakana ndiyo sehemu tunayowaomba muipende. Mpe shikamoo fundi anayeisimamia, kaa karibu naye, uliza. Vaa ovaroli iliyobana mikononi na viatu vya ncha ya chuma, funga nywele. Kwenye leithi, mashine ya kukereza chuma, usivae glavu: chaki (kichwa kinachoshika chuma na kuzunguka nacho) ikiikamata, inavuta mkono mzima. Ufunguo wa chaki usiuache ndani yake hata sekunde moja, maana mashine ikiwashwa unaruka kama jiwe la manati.

Kasi ya kukereza haikisiwi. Kwa chuma laini na kisu cha HSS (chuma kigumu cha kukatia kwa kasi), chukua kama mita 25 kwa dakika. Zidisha kwa 1000, gawanya kwa pai mara kipenyo cha chuma kwa milimita. Chuma cha milimita 40 kinakupa takribani mizunguko 200 kwa dakika. Mashine isipokuwa na namba hiyo, shuka kwenye ya chini yake. Ukisawazisha uso wa chuma na katikati pakabaki kichuguu, ncha ya kisu haiko sawa na kitovu: ikiwa chini, inua kwa vipande vyembamba vya bati. Chuma kikilia na kuacha mawimbi, mara nyingi kimetokeza mno. Kikizidi mara tatu ya kipenyo chake nje ya chaki, kishikilie na senta, ncha ya kuegemeza chuma, upande wa pili.

Unyevu wa Dar hauna huruma na vipimo. Futa jasho kwenye venia, kile kipimo cha kupimia vipenyo na unene, ipake mafuta membamba kabla ya kuirudisha, la sivyo kutu itaanzia kwenye meno ya kupimia.

Field, yaani mafunzo ya vitendo kazini, iombwe mapema, barua mkononi, hasa viwanda vya barabara ya Nyerere. Usikubali kukaa ofisini kupanga mafaili. Omba timu ya matengenezo. Baada ya shahada, ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, itakusajili kama mhandisi mhitimu, na mafunzo ya SEAP ya miaka mitatu, ya uanagenzi wa wahandisi wahitimu, nayo yanadai kumbukumbu za kazi, basi tabia ya kuandika ianze sasa. Andika mashine gani, ilikuwa na dalili gani, kipi kilibadilishwa na kwa nini. Daftari la field lijazwe jioni ileile na lisainiwe kila wiki. Msimamizi akihamishwa, aliyekuja hawezi kusaini wiki ambazo hakukuona.