Saratani ya matiti: ulizia na upande wa baba

Mwanamke akiulizwa kama kwao kuna saratani ya matiti, mara nyingi humfikiria mama, bibi mzaa mama na mama wadogo. Shangazi hatajwi. Ilhali jeni zenye hitilafu, hasa BRCA1 na BRCA2, hurithiwa kwa baba sawasawa na kwa mama. Ulizia pande zote mbili: nani aliugua, akiwa na umri gani, titi moja au yote mawili, na kama kuna aliyepata saratani ya ovari, au mwanamume aliyeugua titi. Aliyeugua kabla ya miaka 50 anahesabika zaidi kuliko aliyeugua akiwa na 75. Kama ni mama au dada yako, zungumza na daktari uanze vipimo vya picha miaka 10 kabla ya umri aliogundulika nao. Yeye 45, wewe 35.

Lakini msiokuwa na mgonjwa kwenye ukoo msijipe uhakika. Saratani ya kurithi ni 5 hadi 10 tu kati ya kila 100, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa karibu nusu ya wagonjwa hawana kihatarishi kingine zaidi ya kuwa wanawake waliovuka miaka 40.

Kuvunja ungo kabla ya miaka 12 au kukoma hedhi baada ya 55 huongeza hatari, kwa kuwa titi hukaa na homoni ya estrojeni miaka mingi zaidi. Hilo hulipangi. Pombe unaipanga: bia ya nusu lita ina takriban gramu 20 za alkoholi, na kila gramu 10 kwa siku huongeza hatari kwa asilimia 7 hadi 10. Mvinyo ni yale yale. Unene nao, hasa baada ya kukoma hedhi, maana mafuta ya mwili ndiyo yanayotengeneza estrojeni ovari zikishaacha. Kunyonyesha hupunguza, asilimia 4 hivi kwa kila miezi 12, ukijumlisha watoto wote. Sidiria, hata ukifutika humo noti, haisababishi saratani.

Anayenyonyesha naye hayuko salama moja kwa moja, na hapa ndipo wengi wanapocheleweshwa: uvimbe huitwa maziwa yaliyoganda, dozi ya antibiotiki hufuata dozi. Uvimbe usiponywea ndani ya wiki 2, omba ultrasaundi, na ikionyesha shaka, kinyama kichukuliwe kikapimwe maabara. Huhitaji kumwachisha mtoto kwanza ndipo upimwe.