Kwa Bi Nesi: Risiti za ndugu wa tumbo moja

Swali

Assalaam alaykum Bi Nesi. Nina miaka 51, nauza mahamri na viazi karai hapa Langoni, Lamu. Kilo zangu ni 94, urefu sentimita 158. Juzi mume wangu, ambaye ni nahodha, aliketi akahesabu risiti zangu za mwaka mzima: dawa za presha 10,800, dawa za magoti 9,000, dawa za kiungulia 3,600, daktari na eksirei Malindi 6,500, safari hiyo mimi na binti yangu 7,400, na chai ya kupunguza mwili 4,000. Jumla shilingi 41,300. Hapo sijataja siku 19 nilizofunga biashara kwa maumivu, na siku njema hunipa faida ya 800. Mwezi uliopita sukari ilisoma 6.4 kabla sijala kitu. Shemeji yangu anasema mwili wangu ndio unaokula pesa za nyumba. Mimi naona haya ni maradhi mbalimbali, na unene ni maumbile yetu, mama yangu alikuwa hivi hivi. Nani mkweli?

*Mama Mahamri, Langoni*

Jibu

Wa alaykum salaam, mdogo wangu. Shemeji yako adabu hana, lakini hesabu anayo nusu. Nami nisijifanye kijiti: nilivaa gwanda la unesi miaka 31, na leo kilo 86 zangu hukaa nami dakani kila jioni.

Hesabu zako nimeziandika upya. Sikuzipanga kwa bei, nimezipanga kwa nani kamzaa nani.

Mkubwa wao ni goti. Kila kilo ya mwili huliongezea goti mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua, na wewe husimama karaini tangu alfajiri. Goti likauma, ukanunua brufeni au diklofenaki. Hukuandika jina la dawa, lakini ndizo zinazouzwa dukani pasipo swali. Dawa hizo huchubua tumbo, na hapo ndipo kilipotoka kiungulia cha 3,600. Tena hupandisha presha na kuzifanya dawa zake zisishike sawasawa, na mtu akizizoea huumiza figo. Risiti zako basi ni ndugu wa tumbo moja. Goti, kiungulia, eksirei na safari ya Malindi ni 26,500, zaidi ya nusu ya jumla, na presha bado hatujaigusa. Zile siku 19 hazina risiti, ndiyo maana nahodha hakuziona, nazo ni 15,200. Zimeshinda dawa za presha za mwaka mzima!

Kuhusu presha, nikuulize jambo ambalo huenda hujawahi kuulizwa: ule mkanda wanaokufunga mkononi ni mkubwa au wa kawaida? Chukua futi ya fundi cherehani, upime mzingo wa mkono wako katikati ya bega na kiwiko. Ukipita sentimita 34, mkanda wa kawaida haukufai. Kwa mkono mnene sana unaweza kuzidisha kipimo kwa karibu 20, na mtu akaongezewa dawa asiyoihitaji, akainunua miaka. Niliyaona haya kazini mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Omba mkanda mkubwa, bila haya. Lakini dawa usiiache mpaka daktari aseme. Na umwambie kila unachomeza kwa ajili ya goti. Pengine paracetamol itakutosha, au mafuta ya kupaka.

Ile chai ya 4,000 ndiyo iliyonikasirisha. Nyingi ya chai hizo huharisha tu. Kinachopungua ni maji, na ukinywa birika moja yamerudi.

Maumbile? Kweli, unene hurithiwa, wala si kosa la mtu. Ila mama yako, nadhani, alichota maji kisimani na kwenda kila mahali kwa miguu, na sukari ya chai aliipima. Wewe hukutaja vikombe vyako, lakini wauza mahamri nawajua. Tuseme ni vitano kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja: hiyo ni gramu 60, karibu kilo 22 za sukari kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana aishie 25. Anza na kijiko kimoja kwa kikombe. Wiki mbili za kwanza utaichukia chai, kisha ulimi utazoea.

Hiyo 6.4 bado si kisukari, ambacho huanzia 7.0, lakini imesimama mlangoni. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, watu wa namna yako walilengewa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, na waliopata kisukari wakapungua kwa asilimia 58. Kwako asilimia 7 ni kilo 6 na nusu tu. Hakuna anayekutaka uwe mwembamba. Goti likikataa kutembea, nenda ufukweni Shela na wanawake wenzako asubuhi mapema, mtembee majini hadi kiunoni; maji hulipunguzia goti karibu nusu ya uzito.

Na kupimwa presha kusikutoe Lamu. Ukiwa umejiandikisha SHA, yaani bima ya afya ya serikali, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na mfuko wa serikali, si mfukoni mwako.

Swali

Je, mtu mnene hutozwa mchango mkubwa zaidi SHA? Rafiki yangu amenitisha.

*Kijana wa Malindi, kilo 112*

Jibu

La. Mchango hufuata kipato: asilimia 2.75 ya mshahara kwa aliyeajiriwa, na hakuna anayelipa chini ya 300 kwa mwezi. Mizani haimo. Huenda rafiki yako alikuwa akizungumzia bima za kampuni za binafsi. Huko wanaweza kukuuliza uzito na maradhi yako kabla ya kukutajia bei. Wakikuuliza, sema kweli, maana ukificha wana njia ya kukataa kulipa siku unayolazwa.