Kabla Hujabeti Farasi Ngong: Niliyojifunza kwa Kalamu na Daftari

Kila Jumapili ya mashindano pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, Nairobi, mgeni akishanijua kidogo huniuliza swali lilelile: "Leo nani anashinda?" Swali hilo ndilo lililokula pesa zangu miaka miwili ya kwanza. Siku hizi namjibu kwa kumuuliza: huyo farasi unayemfikiria analipa ngapi?

Tuanze hapo. Odi ya 5.00 maana yake ukiweka shilingi 100 na farasi akashinda, unapokea 500, dau lako likiwa ndani. Gawanya 1 kwa 5.00, unapata asilimia 20. Hiyo ndiyo nafasi ya kushinda ambayo bei, yaani odi, inampa. Sasa tuseme umemchunguza ukaridhika kwamba katika mbio kama hizi angeshinda mara 25 kati ya 100. Ukimwekea shilingi 100 mara mia, umetoa 10,000 na umepokea 12,500. Farasi huyohuyo akishuka hadi odi ya 3.50, ushindi uleule wa mara 25 unakupa 8,750. Hajapungua hata unywele mmoja wa mkia, lakini dau zuri limegeuka kuwa hasara. Wauza mbuzi wa Kiamaiko wanalijua hili tangu utotoni: hakuna mbuzi mzuri kabla hujasikia bei yake.

Kwa hiyo kazi yako si kumtaja mshindi. Kazi yako ni kukadiria nafasi ya kila farasi, kisha kulinganisha makadirio yako na bei iliyopo. Bei ikilipa zaidi ya inavyostahili kwa makadirio yako, unabeti. Ikilipa kidogo, unakaa. Utakaa mara nyingi kuliko utakavyobeti, na kukaa ndiko kugumu kwa mgeni, maana amevaa vizuri, amekuja na marafiki, na mbio zinaanza baada ya dakika kumi.

Fahamu pia kwamba unaanza ukiwa nyuma. Chukua mbio za farasi watano zenye odi za 2.00, 3.50, 5.00, 8.00 na 10.00. Geuza kila moja kuwa asilimia: 50, 28.6, 20, 12.5 na 10. Jumla ni kama 121, na farasi mmoja tu ndiye atakayeshinda. Hizo 21 za juu ya mia ndiyo faida ya mwenye kitabu, yaani anayepanga odi na kupokea madau. Anayebeti kwa kubahatisha kwa bei hizo atarudishiwa wastani wa kama shilingi 83 kwa kila 100. Fanya hesabu hii kila mara kabla ya kufungua pochi. Jumla ikiwa 110 kuna mahali pa kupumulia. Ikiwa 130, nenda ukanywe chai.

Hapo ndipo ninapowaonya vijana wanaopenda mkeka, yaani kuunganisha mbio tatu au nne katika dau moja. Wanaona malipo makubwa, hawaoni kwamba makato nayo yanajizidisha. Ile 83 kwa mia ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe kwa mbio tatu, katika kila 100 unabaki na kama 57. Mkeka mmoja ukiiva utausimulia mwaka mzima, na ile thelathini iliyochanika hutaikumbuka usipoiandika.

Tote ni jambo jingine, na wageni wengi hawaielewi. Mfumo huu aliubuni Joseph Oller huko Paris katika miaka ya 1860, na hauna mwenye kitabu. Pesa za wote zinaingia chungu kimoja, mwendeshaji anakata sehemu yake, na waliobahatika wanagawana kilichobaki. Tuseme chungu kina 100,000 na makato ni moja ya tano. Zinabaki 80,000. Kama farasi wako ana 5,000 katika chungu, kila shilingi italipwa 16. Unafurahi, unaongeza 5,000 zako. Sasa chungu ni 105,000, zinabaki 84,000, na farasi wako amebeba 10,000. Kila shilingi inalipa 8.4. Umekula bei yako mwenyewe! Katika uwanja wenye watu wachache na chungu kidogo, dau kubwa ni adui wa mwenye dau. Tena bei unayoiona kwenye ubao dakika tano kabla ya mbio siyo utakayolipwa. Inasogea mpaka dirisha lifungwe. Mimi husubiri hadi farasi waanze kuelekea langoni, ndipo nisogee dirishani.

Sasa kumchunguza farasi. Usianze na jina lake, wala na rangi za shati la joki, yaani mpanda farasi. Fungua kadi ya mbio usome namba za nafasi alizomaliza katika mbio zake zilizopita. Namba ya mkono wa kulia kabisa ndiyo ya karibuni zaidi, na sifuri maana yake alimaliza wa kumi au nyuma zaidi. Lakini namba peke yake inadanganya. Wa tano katika mbio za farasi bora anaweza kuwa bora kuliko aliyeshinda mbio za wanyonge. Uliza alikimbia umbali gani. Farasi wa mita 1,000 ni kama mkimbiaji wetu wa mita mia: mpeleke kwenye mita 2,400 za Derby ya Kenya uone pumzi inavyomwishia penye kona ya mwisho.

Kisha uzito. Katika mbio za kusawazishwa, farasi mwenye uwezo zaidi hubebeshwa kilo nyingi ili wote wafike karibu pamoja. Aliyeshinda mara mbili mfululizo huongezewa mzigo, na umma bado unamkimbilia kwa sababu ameshinda mara mbili. Mara nyingi hapo ndipo bei inapopotoka. Angalia na joki mwanafunzi, ambaye hupunguziwa kilo kwa ajili ya uchanga wake. Mwanafunzi mwenye mikono mizuri juu ya farasi mtulivu ni zawadi, lakini juu ya farasi mkorofi sithubutu.

Na mvua. Ngong tunakimbiza juu ya nyasi, na nyasi za Februari si nyasi za Aprili. Masika yakishaanza, ardhi inashika kwato, na farasi aliyekuwa akiruka juu ya ukavu anaanza kukimbia kama aliyefungwa jiwe. Nimejiwekea alama kwenye daftari: herufi K kwa ardhi kavu, L kwa laini, mbele ya kila matokeo. Baada ya misimu miwili alama hizo mbili zimenisaidia kuliko fununu zote nilizowahi kunong'onezwa.

Pale mahali farasi wanapozungushwa kabla ya mbio ndipo ninapopapenda kuliko jukwaani. Nenda mapema, simama karibu na uzio, tazama mnyama mmoja mmoja. Anatembea kwa hatua ndefu zilizolegea, au anakata hatua? Masikio yako mbele? Saisi, yaani mtunza farasi, anamwongoza kwa mkono mmoja, au anavutana naye kwa miwili? Siku moja nilimwona farasi niliyekuwa nimempa asilimia 30 nyumbani. Povu jeupe lilikuwa limejaa katikati ya mapaja ya nyuma kama sabuni ya kufulia, na shingo ilikuwa imelowa mpaka hatamu zinateleza. Nikamkata kwenye karatasi. Mzee mmoja, saisi aliyestaafu, alikuwa amesimama kando yangu. Akaniambia, "Kijana, huyu jasho ni desturi yake. Siku ukimwona mkavu, hiyo ndiyo siku ya kuogopa." Nikamshukuru, nikamrudisha kwenye hesabu, na akashinda kwa urefu wa shingo. Tangu hapo silinganishi farasi na farasi pale uzioni. Namlinganisha kila mmoja na alivyokuwa Jumapili niliyomwona mwisho. Ndiyo maana siku zako nne au tano za mwanzo uwanjani ni za macho tu.

Utasikia watu wakisema kipenzi cha wengi hashindwi. Ukweli wa miaka mingi, katika nchi nyingi, ni kwamba farasi mwenye odi ndogo kuliko wote hushinda takribani mbio moja kati ya tatu. Ukimfuata kwa upofu utashangilia mara nyingi na utapoteza polepole. Ukifuata farasi wa odi kubwa sana utapoteza haraka zaidi, kwa sababu watu hupenda ndoto ya shilingi hamsini kuwa elfu tano, na ndoto hiyo huinunua kwa bei mbaya.

Lakini usiwadharau hao wengi. Mmarekani Bill Benter alikwenda Hong Kong katika miaka ya 1980 na kompyuta yake, akapima kila kitu kuhusu kila farasi, na mwanzoni akapoteza. Mambo yalimnyookea alipochanganya makadirio yake na bei za umma, akizichukulia nazo kuwa habari. Aliyaeleza hayo kwa maandishi mwaka 1994. Kwetu sisi wenye daftari funzo ni hili: ukiona farasi una hakika ana asilimia 40 na ubao unampa asilimia 10, usikimbilie dirisha. Jiulize kwanza wenzako wanajua nini usichokijua. Pengine alikohoa asubuhi. Makadirio yangu nikiyasogeza nusu ya njia kuelekea ubao, huwa yanakaa vizuri zaidi.

Neno kuhusu farasi wa kwenye skrini, wale wa vibanda vya kubeti ambao hukimbia kila baada ya dakika chache usiku na mchana. Wengi wenu mmeanzia huko. Wale hawana kwato, hawana mkufunzi, hawana mvua. Mshindi anatolewa na programu ya kubahatisha, na odi zimepangwa zikiwa tayari na makato. Hakuna kadi ya kusoma wala jasho la kutazama. Yote niliyoandika hapa juu hayafanyi kazi kule hata kidogo, na anayekuuzia "mbinu" za mbio za kompyuta anakuibia. Nawaomba muachane nazo.

Pesa ya kubeti iwe pesa ambayo ikiisha, mwenye nyumba bado atalipwa na mtoto bado atakwenda shule. Itenge mwanzo wa msimu, na kila dau lisizidi moja au mbili kwa mia ya fungu hilo. Sababu ni hesabu, si woga. Mtu hodari anayepata dau moja kati ya manne, katika madau mia anaweza kabisa kukosa mara kumi mfululizo. Hajakosea popote, ndivyo bahati inavyojipanga. Aliyeweka sehemu ya kumi ya fungu kila mara ameshamalizika, na aliyeweka moja kwa mia amepoteza kumi tu. Hatari kubwa huja baada ya kukosa mara ya sita au ya saba, pale unapotaka kurudisha yote katika mbio za mwisho za siku. Nimewaona watu wazima, wenye akili zao, wakipiga simu kukopa wakiwa wamesimama kwenye foleni ya dirisha. Ukijikuta unafika hapo, ondoka uwanjani, mweleze mtu unayemwamini nyumbani, na usirudi msimu huo.

Daftari lenyewe ni la shilingi hamsini. Mistari sita inatosha: tarehe, umbali na ardhi, nafasi niliyompa, bei niliyoipata, dau, matokeo. Nafasi iandike nyumbani kabla hujaona ubao, la sivyo jicho litaiba bei na kuiita makadirio yako. Baada ya madau mia, kusanya wale wote uliowapa asilimia 20 hadi 30. Kama walishinda watano tu kati ya hamsini, unajipendelea. Shusha namba zako. Mimi niliwahi kugundua hivyo kwamba nilikuwa nawapa farasi wanaoongoza tangu mwanzo nafasi kubwa mno, pengine kwa sababu wanapendeza kutazama.

Kwa Jumapili yako ya kwanza, acha pesa nyumbani isipokuwa nauli, kiingilio na chakula. Chukua kadi, andika asilimia kwa kila farasi wa kila mbio, hakikisha kila mbio zinajumlisha mia, halafu simama uzioni. Jioni nitafute karibu na pale wanapozungushwa. Nitataka kuona karatasi yako.