Jibu: Maktaba ya mtaa, rampu na kompyuta za wasioona. Usimwage zege Jumamosi

Simamisha hilo zege. Mengine yote uliyouliza yanaweza kusubiri hata mwezi, ila fundi akishamwaga Jumamosi utakuwa umenunua kifusi.

Mleta mada kaeleza hivi: maktaba ya mtaa huku Mbagala, ngazi nne mlangoni, fundi kaahidi rampu ya mita 2 pembeni. Anaajiri mhudumu anayetembelea magongo, na anauliza pia kuhusu kompyuta za wasioona, vitabu vya nukta nundu na rafu za watoto.

Ngazi nne za kawaida, kila moja sentimita 15, ni kimo cha sentimita 60. Ukiweka rampu ya mita 2 hapo, kila sentimita 1 ya kupanda inapata sentimita 3 na kidogo tu za urefu. Mwenye kiti cha magurudumu akipanda, uzito unamvuta nyuma ya ekseli, magurudumu madogo ya mbele yananyanyuka, anaanguka chali kisogo kwenye zege. Kushuka ni hatari zaidi. Breki za kile kiti ni za kuegeshea, hazipunguzi mwendo, kwa hiyo anakamata ringi kwa viganja na viganja vinaungua. Mwenye magongo naye akishuka hapo, ncha za mpira zinateleza mbele, mwili unabaki nyuma.

Kanuni ni hii, iandike ukutani: KIMO MARA 12, na mwenye kiti aje siku ya kupima, kabla ya saruji kufunguliwa. Sentimita 60 mara 12 ni mita 7.2. Najua fundi atasema eneo halitoshi. Basi ikunje: panda mita 3.6, weka sehemu iliyo sawa ya mita 1.5, geuka, panda mita 3.6 nyingine. Hapo urefu unaohitaji kwenye uwanja ni kama mita 5.1 tu. Hata hizo zikikosekana, nenda katazame mlango wa nyuma. Nyumba nyingi za huku uwanja umeinama, na nyuma kimo kinaweza kuwa kidogo kuliko mbele. Ila huo mlango uwe wazi saa zote za kazi. Ukifungwa kufuli na funguo akaenda nazo mlinzi, hujamsaidia mtu.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakiijua 12. Kimo hakipimwi kwa kuhesabu ngazi. Kinapimwa kutoka sakafu ya mlangoni mpaka pale rampu itakapoishia. Uwanja ukiwa umeinama kuelekea barabarani, ile ncha ya chini iko mita 7 mbele, na ardhi ya hapo inaweza kuwa chini kwa sentimita 15 zaidi. Kimo chako si 60 tena, ni 75, na rampu ni mita 9. Mwambie fundi alete mpira wa maji, ule anaosawazishia msingi. Ncha moja ishikwe mlangoni, nyingine ipelekwe mwisho wa rampu, mpime kutoka usawa wa maji mpaka chini. Dakika kumi.

Kukagua wakati wa kujenga ni rahisi: chukua ubao ulionyooka wa sentimita 120, ulaze kwenye mteremko, nyanyua ncha ya chini mpaka pimamaji ionyeshe sawa. Uwazi chini ya hiyo ncha usizidi sentimita 10. Ukizidi, asiendelee.

Na huyo fundi asikutishe kwa gharama. Ukijenga kuta mbili za tofali, ukajaza kifusi kilichoshindiliwa vizuri, bamba la juu la sentimita 10 kwa njia ya mita 7.2 na upana wa mita 1.2 halifiki hata mita moja ya ujazo. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) ni mifuko kama 6 ya saruji. Gharama kubwa ni kuvunja mbovu, kubeba kifusi, kisha kujenga upya.

Wanaonikera ni hawa wasimamizi wa miradi wanaosema "ilimradi ipo". Wanataka picha ya ripoti: rampu, bango, watu wamesimama wanacheka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumleta mwenye kiti ajaribu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike, na mtu akishindwa kupanda, jengo halijafikika, hata rampu ipakwe rangi tatu.

Vitu vidogo vinavyoharibu rampu nzuri: vigae vya kung'aa (masika vinakuwa sabuni, piga fagio kwenye zege likiwa bichi, mistari ikatize njia), reli ya chini ya geti la kukunja inayochomoza mlangoni, izamishwe iwe sawa na sakafu, mchanga mwisho wa rampu, magurudumu ya mbele yanazama, endeleza pevingi mpaka getini. Mlango ukifunguka kwa nje, pale juu acha mita 1.5 kwa 1.5, la sivyo mtu atarudi nyuma akiuvuta, na nyuma yake ni mteremko. Kingo za pembeni ziwe na kizuizi cha sentimita 10. Na bodaboda zisiegeshwe pale chini.

Kwa mhudumu wako wa magongo, weka bomba la kushikia pande zote mbili. La upande mmoja linamsaidia kupanda tu. Akishuka liko upande wa pili, na huenda mkono huo ndio dhaifu. Bomba la inchi moja na nusu, kimo sentimita 90, lizidi mwisho wa rampu kwa sentimita 30. Na toroli la vitabu litapita humo humo, hatabeba maboksi kifuani.

Kompyuta: usinunue programu. Weka NVDA, ni bure, inasoma kilichopo kwenye skrini kwa sauti, na ndani yake imo eSpeak, programu inayotoa hiyo sauti, yenye Kiswahili. Nunua visikizi vizuri, basi.

Kabla ya Jumamosi weka hapa vipimo viwili: kimo cha mpira wa maji, na umbali kutoka ukuta wa mbele mpaka uzio. Tutapiga hesabu ya mkunjo pamoja, fundi umpe mchoro. Na mtafute mwenye kiti wa mtaani kwenu, mlipe nauli na muda wake, aje siku ya kupima.